Una bunduki yenye leseni? Jua haki na mipaka yako wakati wa ghasia

Maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha mnamo Juni 2024 yalifika hadi miji ya Embu na Meru, na maduka yakafungwa. Swali moja hurudi kila hali kama hiyo inapotokea: je, mwenye duka aliye na bunduki yenye leseni anaruhusiwa kuitumia?

Leseni ni ruhusa
Katiba ya Kenya haimpi raia haki ya kumiliki bunduki, tofauti na ile ya Marekani. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inatoa ruhusa kwa masharti, kupitia Bodi ya Leseni za Silaha. Hili ni jukumu la serikali ya kitaifa. Kaunti haitoi leseni wala kuifuta. Cheti ni cha mtu binafsi. Usimwachie bawabu, ndugu au jirani bunduki yako, hata kwa usiku mmoja.

Kwenye maandamano
Kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda haki ya kuandamana kwa amani na bila silaha. Ukitaka kuandamana, acha bunduki nyumbani, imefungiwa mahali salama.

Kujilinda
Sheria inakuruhusu kujilinda wewe, mtu mwingine au mali yako. Hata hivyo, mahakama itauliza: hatari ilikuwepo wakati ule ule? Nguvu uliyotumia ililingana nayo? Mtu anayekujia na panga mlangoni si sawa na kijana anayekimbia na gunia la sukari. Ukimpiga risasi huyo anayekimbia, unaweza kushtakiwa kwa mauaji. Mali inaweza kununuliwa tena. Funga mlango, ondoka ukiweza, na upige 999 au 112.

Kafyu
Kafyu ikitangazwa chini ya Sheria ya Utaratibu wa Umma, Sura ya 56, cheti cha bunduki si kibali cha kutoka nje. Unabaki ndani kama wakazi wengine.

Polisi wakikusimamisha
Toa cheti chako kwa utulivu, na useme mapema kwamba una silaha. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 kinakupa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya korti ikiwa muda huo umeangukia siku ambayo korti haikai. Cheti kikifutwa, Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kutendewa kwa utaratibu unaofaa. Omba sababu kwa maandishi.

Askari wa akiba
Katika maeneo ya Igembe, Tigania na Buuri yanayopakana na Isiolo, askari wa akiba (NPR) hubeba bunduki za kukabiliana na wezi wa mifugo. Bunduki hizo ni mali ya serikali. Si za kulinda duka la mtu wala kusindikiza mwanasiasa.

Ikiibwa
Ripoti mara moja katika kituo cha polisi kilicho karibu, na uhakikishe umepewa nambari ya OB. Bunduki iliyoibwa wakati wa vurugu inaweza kumwua mtu kesho, na swali la kwanza litakuwa lako: uliiweka wapi, na uliripoti lini?