Anayemfundisha bibi simu ana fani mkononi

KATIKA familia nyingi za Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba mkoani Songwe, yupo kijana ambaye simu za nyumba nzima hupita mikononi mwake. Fedha za ufuta zikiingia, bibi humwita mjukuu, humpa kitochi na kumtajia namba ya siri. Mjukuu hubonyeza, fedha hutoka kwa wakala. Kazi imekwisha, lakini siri ya bibi nayo imekwisha.

Wengi husema tatizo ni kwamba bibi hajasoma. Wapo wanaolipwa kuuliza swali jingine: menyu hiyo iliandikwa kwa ajili ya nani? Kazi yao huitwa usanifu wa uzoefu wa mtumiaji. Humkalisha mtu wa kawaida, humpa simu na kumtazama: anasita wapi, neno gani linamchanganya. Kisha hurekebisha huduma badala ya kumlaumu mtu.

Jina la fani hiyo lilienezwa na Mmarekani Don Norman, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mwaka 1988 alichapisha kitabu kuhusu vitu vya kila siku, ikiwamo milango inayomwacha mtu asijue asukume au avute. Mwaka 1993 akajiunga na kampuni ya Apple. Kwake ualimu na usanifu vilikwenda pamoja.

Mfano wa karibu zaidi ni M-Pesa. Ilipoanza kujaribiwa Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kurahisisha urejeshaji wa mikopo midogo. Waliofuatilia jaribio wakaona wateja wanaitumia kutumiana fedha. Mwaka 2007 ikazinduliwa kwa kazi hiyo, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Wenye huduma walifundishwa na watumiaji.

Kijana mwenye hamu ya kazi hii hahitaji kuanza na kompyuta ya bei kubwa. Amwachie bibi ashike simu mwenyewe, ajizuie kumpokonya, kisha aandike kwenye daftari kila mahali aliposita. Halafu achore menyu ambayo ingemfaa, amwonyeshe, asikilize majibu. Akirudia kwa watu watano, ataona makosa yanayofanana.

Shuleni asiache Hisabati na Kiingereza, lakini Kiswahili na Kinyamwanga navyo ni mtaji, kwa sababu kazi hii inataka mtu anayejua neno gani linaeleweka nyumbani. Akifaulu, jirani kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), kinachofundisha masomo ya kompyuta.

Mzazi akimkuta mwanawe ameinama na simu ya mzee pamoja na daftari, asikimbilie kusema anacheza. Aulize kwanza anaandika nini.