Kura Tatu na Darasa la Nane

Vijana wa chuo changu hapa Tukuyu waliniuliza: je, babu zetu walipiga kura? Wachache tu. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, sheria ya Tanganyika ilimtaka mtu awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au darasa la nane, au cheo. Tena achague watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mzee wa Rungwe aliyehitimu Kurani, naye ni fukara, hakuhesabiwa kuwa ameelimika. Mimi naiona ni dhuluma, kwani Bara Hindi, mwaka 1951 na 1952, hata mkulima asiyejua herufi alipiga kura kwa kutazama picha iliyobandikwa sandukuni. Kwetu sharti la kura tatu liliondolewa 1960. Na katika uchaguzi wa Bunge wa 1965, raia wa miaka 21 hakuulizwa amesoma wapi, alichagua alama ya jembe au ya nyumba.