Mteja Anayenunua Mara Moja

Biashara ya kompyuta za sinema ya nyumbani ina ugonjwa ambao haujapata dawa kwa zaidi ya miaka 20: mteja wake mzuri kabisa ndiye asiyerudi dukani. Anachagua kasha la alumini, madabodi ndogo na diski nne au tano, anashinda wikendi nzima na bisibisi mkononi, anazipanga muvi zake zote zitokee kwenye runinga na mabango yake kama za ukumbini, kisha anaita majirani waje waone. Baada ya hapo mtambo unamtumikia miaka minane bila yeye kumpa mtu hata shilingi. Kampuni kubwa zilizoingia kwenye soko hili karibu zote zimeishia kwenye njia mbili: kumbana mteja huyo alipe kila mwezi, au kumkimbia.

Microsoft ilikimbia. Mwaka 2002 ilitoa toleo la Windows XP lililoitwa Media Center Edition, yaani kompyuta yenye rimoti, inayopokea televisheni, inayorekodi vipindi na kucheza DVD huku mwenye nyumba amejinyoosha kwenye kochi. Kwa muda lilikuwa jambo la kujivunia. Lakini mwaka 2011 kampuni yenyewe ikatoa takwimu: Julai ya mwaka huo ni asilimia 6 tu ya watumiaji wa Windows 7 waliofungua Media Center, na katika hao ni robo tu waliokaa humo zaidi ya dakika 10. Wakati huohuo, leseni za kucheza DVD zilikuwa zinalipiwa kwa kila nakala, mtumiaji acheze asicheze. Ilipokuja Windows 8 mwaka 2012, Media Center ikauzwa pembeni kwa karibu dola 10. Mwaka 2015, kwenye Windows 10, ikafutwa kabisa. Wapenzi wake walipiga kelele, ila walikuwa wachache, na wengi walikwisha kulipa zamani.

Pengo hilo lilijazwa na watu ambao hawakuwa wakiuza kitu. Mwaka huohuo wa 2002, wadukuzi wa kujitolea walikuwa wameandika programu ya kucheza muvi kwenye mashine ya michezo ya Xbox. Ikakua, ikahama Xbox, na mwaka 2014 ikabadilishwa jina kuwa Kodi. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi, na inasimamiwa na taasisi isiyotafuta faida. Waliotaka faida walichukua matawi yake. Boxee ilichipuka humo, ikauzwa kwa Samsung mwaka 2013, na haikusikika tena. Plex nayo ilichipuka humo, na hiyo ndiyo iliyofika mbali.

Ujanja wa Plex ulikuwa kutenganisha mambo mawili. Kodi inakaa kwenye mashine iliyounganishwa na runinga. Plex iliweka seva mahali popote, hata stoo, kisha ikatengeneza programu za simu, runinga na vishikwambi vya kuvuta muvi kutoka kwenye seva hiyo, uwe sebuleni au uwe safarini. Hapo mtambo wa sinema ukaacha kuwa kasha moja la kutamba nalo chini ya runinga, ukawa vitu viwili: seva yenye diski iliyofichwa, na kidude kidogo cha bei nafuu mbele ya macho. Kwa wauzaji wa makasha mazuri lilikuwa pigo. Yale makasha ya SilverStone na Antec yenye kioo kidogo mbele kinachoandika jina la wimbo yalipungua madukani, na watengenezaji wakahamia kwa vijana wa michezo ya kompyuta wanaotaka vioo na taa za rangi. Streacom ya Uholanzi bado inauza makasha yasiyo na feni kabisa, ambayo ubavu wake wa alumini ndio unaopoza prosesa. Ni mazuri kuyatazama, lakini wanunuzi wake si wengi.

Plex nayo ina wafanyakazi wa kulipwa na wawekezaji wa kuridhishwa. Mwishoni mwa 2019 ilianza kuonyesha filamu za bure zenye matangazo, jambo ambalo mteja wa awali, mwenye muvi zake mwenyewe, hakuliomba. Aprili 2025 ikapandisha bei: leseni ya maisha iliyokuwa dola 119.99 ikawa dola 249.99, ya mwezi ikatoka dola 4.99 hadi 6.99, na kutazama muvi zako ukiwa nje ya nyumba, kulikokuwa bure, kukawekewa ada. Kwa hesabu za biashara siwezi kuwalaumu. Aliyelipa mara moja miaka kumi iliyopita bado anatumia seva zao kuingia kwenye akaunti yake, na kila mwezi anawagharimu.

Lakini soko hili lina mlango wa nyuma ambao masoko mengine hayana. Mwaka 2018, programu nyingine ya namna hiyo, Emby, ilipofunga msimbo wake, baadhi ya watumiaji walichukua toleo la mwisho lililokuwa wazi na Desemba ya mwaka huo wakaanzisha Jellyfin. Haina leseni ya kulipia, haina akaunti ya kampuni, haina matangazo. Kila Plex inapokaza kamba, Jellyfin inapata wageni wapya. Ndiyo maana bei za programu kwenye biashara hii haziwezi kupaa bila kikomo: mshindani anagawa bure, na hawezi kufilisika kwa sababu hauzi.

Basi hela iko wapi? Iko kwenye diski. Muvi moja ya 4K iliyotolewa kwenye diski ya Blu-ray bila kubanwa upya inakula gigabaiti 50 hadi 80. Chukua 60 kama wastani, muvi 200 ni terabaiti 12, na bado hujaweka tamthilia wala hujaweka diski ya ziada ya kuokoa mali nyingine ikifa. Na diski hufa. Mjenzi ambaye haongezi kitu kingine chochote kwa miaka minane ataongeza diski, kwa sababu maktaba haipungui. Kasha la Node 304 la Fractal Design, lililotoka mwaka 2012 na kupendwa sana na wajenzi hawa, ni dogo lakini lina nafasi ya diski sita. Aliyelichora alijua mteja wake.

Upande wa wauzaji wa diski ngumu wamebaki watatu duniani: Seagate, Western Digital na Toshiba. Mafuriko ya Thailand mwaka 2011 yaliyozamisha viwanda yalifanya bei ya diski nyingi ipande karibu mara mbili ndani ya wiki chache, na miezi hiyohiyo Seagate ilimeza kitengo cha diski cha Samsung, kisha Western Digital ikamaliza kukinunua kile cha Hitachi. Mnunuzi wa nyumbani akabaki hana wa kumkimbilia, akajifunza ujanja. Aligundua kwamba diski za nje za USB, kama My Book za Western Digital, mara nyingi ziliuzwa rahisi kuliko diski tupu ya ukubwa uleule. Akawa anazinunua, anapasua plastiki kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, na kutoa diski iliyomo. Baadhi hazikuwaka zilipochomekwa kwenye kompyuta, kwa sababu pini ya tatu ya waya wa umeme wa SATA, ikipata volti 3.3, huiamuru diski ya aina hiyo ibaki imezima. Dawa yake ni kipande cha utepe mwembamba wa rangi ya kahawia usiopitisha umeme, umekatwa kwa wembe na kubandikwa juu ya pini hiyo.

Wauzaji nao wana ujanja wao. Mwaka 2020 ilibainika kwamba Western Digital ilikuwa ikiuza baadhi ya diski zake za Red, zinazotangazwa kwa ajili ya seva za nyumbani, zikiwa na teknolojia ya kuandika data kwa kupandisha mistari kama vigae, bila kusema. Teknolojia hiyo ni polepole mno diski iliyokufa inapobadilishwa na seva inapojijenga upya. Kesi zikafunguliwa, na kampuni ikatenga jina jipya la Red Plus kwa diski zisizo na kasoro hiyo. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Synology ya Taiwan, kinara wa seva ndogo za diski zilizo tayari kutumika: ilitangaza kwamba mashine zake mpya za daraja la Plus zingetaka diski zenye nembo yake au ilizoziidhinisha. Ilipofika Oktoba mwaka huohuo ikalegeza. Na mapema mwaka huo, Ujerumani, wanunuzi waligundua diski za Seagate zilizouzwa kama mpya huku zikiwa zimekwisha kufanya kazi maelfu ya saa. Kumbukumbu ya kawaida ya diski ilikuwa imefutwa, lakini diski za Seagate zina daftari la pili ndani, linaloitwa FARM, ambalo walaghai hawakuligusa. Fundi yeyote anayenunua diski za Seagate za mkono wa pili, Nairobi au Dar es Salaam, afungue daftari hilo kabla hajatoa hela.

Prosesa, ambayo zamani ndiyo ilikuwa gumzo, sasa ni jambo dogo. Intel ilipoweka kwenye prosesa zake za 2011 sehemu maalumu ya kugeuza video papo kwa papo ili simu au runinga isiyoielewa iweze kuicheza, kadi kubwa ya grafiki ilikosa kazi sebuleni. Leo prosesa ndogo ya N100 ya mwaka 2023, inayokadiriwa wati 6, inabeba kazi hiyo kwa nyumba nzima. Intel yenyewe iliacha kutengeneza kompyuta zake ndogo za NUC mwaka 2023 na kuwaachia ASUS. Sokoni wamejaa Beelink na wenzao wa Shenzhen. Faida kwa kila kipande ni nyembamba, lakini mnunuzi anaokoa kwenye umeme wa Luku. Kompyuta ya zamani inayokula wati 50 mchana na usiku inamaliza uniti 438 kwa mwaka. Ya wati 10 haifiki 90. Kwa bei ya TANESCO ya karibu shilingi 350 za Tanzania kwa uniti, tofauti inapita shilingi laki moja na elfu ishirini kila mwaka.

Huku kwetu biashara hii ina sura yake. Anayejenga mtambo Nairobi mara nyingi haanzi na kasha la alumini, anaanza na kompyuta ndogo ya ofisi iliyotumika, HP au Dell au Lenovo ya ex-UK, inayoingia mfukoni mwa koti. Anaongeza diski, anaweka Jellyfin au Plex, anaunganisha na sabufa. Wajenzi wa Ulaya huzungumza juu ya ukimya wa feni. Wa kwetu huuliza kwanza habari ya UPS, yaani betri ya dharura, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika, diski ndiyo inayoumia. Vibanda vya kujaza muvi kwenye flash, vilivyoenea Tanzania na Kenya, ni seva hizihizi bila mabango: diski kubwa, orodha iliyoandikwa kwa mkono, na mteja anayelipa kwa muvi. Hakimiliki humo haiulizwi, na hapo ndipo hatari ya kisheria ilipo. Kwa wenzetu, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2017 kwamba hata kuuza kiboksi kilichojazwa viungo vya muvi za wizi ni kuvunja hakimiliki, ingawa muuzaji hana muvi hata moja.

Kuna jambo dogo ambalo mafundi wa hapa wangeweza kulitoza na wengi hawalitozi. Programu hizi huchukua mabango na maelezo ya filamu kutoka kwenye hifadhidata za Marekani na Ulaya. Humo filamu nyingi za Bongo hazimo, na muvi ya kigeni iliyosimuliwa kwa Kiswahili na Lufufu au DJ Afro huwekewa bango la asili lisilomtaja msimuliaji. Kuzipanga kunataka mtu akae aandike majina, mwaka, na aweke picha mwenyewe. Ni kazi ya saa nyingi, na ndiyo inayofanya mgeni aliyeshika rimoti aseme alaa. Fundi anayetoza nauli na waya peke yake anaiacha hela mezani.

Mitego ya kitaalamu nayo ni kazi ya kulipwa. Runinga nyingi, hata za bei mbaya, zina tundu la waya wa mtandao la megabiti 100 kwa sekunde, wakati muvi ya Blu-ray ya 4K inaweza kufika 128 kwenye mapigano na milipuko. Mteja anavuta waya ukutani, analipa fundi, kisha picha inakwama palepale ambapo gari linalipuka, ilhali kwa Wi-Fi ilikuwa inakwenda vizuri.

Juu kabisa ya soko wamekaa wateja wachache wasiojenga chochote. Kaleidescape ya California inawauzia mashine na muvi zake zenye leseni. Ilishtakiwa mwaka 2004 na chama kinacholinda kufuli za DVD, ikapigana miaka 10 hadi wakaelewana. Nayo imepata njia ya kumfanya tajiri arudi dukani: baada ya kununua mashine, ananunua muvi, moja moja.

Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipaa kwa sababu vituo vya data vya akili unde vilikuwa vinakomba kila kilichotengenezwa, na Desemba Micron ikatangaza kwamba inaacha kuwauzia watu wa kawaida chini ya jina la Crucial. Kwa anayetaka kujenga sasa, hesabu imegeuka. Kompyuta ya ofisi iliyotumika, ikija na gigabaiti 16 ndani, inaweza kuwa na thamani zaidi kwa RAM yake kuliko kwa kitu kingine chochote ilichobeba, na muuzaji mwenye macho anaanza kuichomoa RAM hiyo kabla hajaipanga mashine dirishani.