Fahamu: Noti za picha humfungia nje mwanafunzi asiyeona
Mji wa Thika, Kenya, umesomesha wasioona tangu 1946, kanisa la Salvation Army lilipofungua shule ya wasioona. Leo mji huo una Chuo Kikuu cha Mount Kenya, na jirani yake Ruiru ina Chuo Kikuu cha Zetech. Chuoni, mwanafunzi asiyeona husoma kwa programu kama NVDA, ya bure kabisa, inayotamka maandishi ya kompyuta. Lakini mhadhiri akituma kurasa zilizopigwa picha, kwa kawaida programu haikuti herufi hata moja, inanyamaza. Dawa ni ujuzi mdogo: kuchapa maandishi halisi, kuieleza picha kwa maneno, kuweka maandishi chini ya video kwa ajili ya viziwi. Hii si hisani; ni haki chini ya Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Mafunzo yaanze na wahadhiri, maana noti hutoka kwao.