Kisu Kinolewe Nyumbani

Ozi ni kijiji cha Wapokomo kilicho ukingoni mwa Mto Tana, jirani na Kipini, pale mto huo unapoingia Bahari ya Hindi baada ya safari ya takriban kilomita 1,000. Ni nchi ya mpunga, maembe, ndizi na minazi. Kwa sababu hiyo hiyo ni nchi ya visu. Mpunga wa Pwani, kwa desturi ya zamani, huvunwa suke kwa suke kwa kisu kidogo kinachofichwa kiganjani. Anayesuka mkeka anahitaji wembe au kijembe cha kuchania ukindu. Dafu linataka panga. Kambare naye, aliyetoka mtoni na utelezi wake, hana magamba ya kukupa mshiko. Kisu butu humteleza mgongoni na kuishia kwenye kidole cha mpishi.

Nitasema mapema ninaloliamini. Kunoa kisu nyumbani kwa mkono, kwa jiwe na maji, ni ufundi unaostahili kupendwa kama watu wanavyopenda kusuka, kushona au kupanda maua. Ujapani, Ulaya na Marekani wapo wanaokusanya mawe ya kunolea na kuketi nayo jioni nzima kwa raha tu. Kwetu Pwani kazi hii tunaifanya kila wiki, lakini tunaifanya kwa haraka na kwa manung'uniko, huku wali ukiungua jikoni. Vifaa tunavyo, mikono tunayo. Tulichokikosa ni kuketi.

Tatizo la kwanza la mnoaji wa Ozi liko chini ya miguu yake. Delta yote ya Tana ni ardhi iliyoletwa na mto: udongo wa mfinyanzi, matope ya mafuriko, na kuelekea baharini matuta ya mchanga. Mwamba mgumu wenye chembe laini, ule ambao watu wa milimani huuokota njiani na kuufanya kinoo, shambani hapa hauonekani. Ndiyo maana delta imejaa vinoo vya kuazima kutoka kwenye vitu vingine: ngazi ya simiti mlangoni, kipande cha tofali, tupa ya kunolea mapanga, na kitako cha kikombe. Hicho cha mwisho kisidharauliwe. Pindua kikombe cha kauri na utaona duara lisilo na rangi ya kung'aa, gumu kuliko chuma cha kisu na lenye ukwaruzo mwororo. Kupitisha kisu hapo mara chache kila upande kunarudisha makali yaliyolegea kidogo. Ngazi ya simiti ni shari. Chembe zake ni kubwa na hazilingani. Hula chuma kingi na kuacha meno yanayorarua nyanya badala ya kuikata.

Jiwe zuri la kuanzia linapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya Garsen, Malindi na Mombasa. Ni lile la mstatili, la kijivu au jeusi, upande mmoja wa kukwaruza na wa pili laini. Kwa kawaida hutengenezwa kwa karborandamu, kitu ambacho Mmarekani Edward Acheson alikipata kwenye tanuri la umeme mwaka 1891 alipokuwa akitafuta namna ya kutengeneza almasi. Almasi hakuipata. Alipata unga mgumu ajabu ambao leo umo kwenye misasa, kwenye magurudumu ya kunolea na kwenye jiwe hilo la bei ndogo.

Sasa kazi yenyewe. Liloweshe jiwe mpaka liache kutoa mapovu, kisha uliweke juu ya kitambaa chenye unyevu ili lisihame. Ketini penye mwanga, wewe na anayejifunza. Anza na upande wa kukwaruza ikiwa kisu kimekufa kabisa, au upande laini ikiwa kimechoka tu.

Siri yote iko kwenye mwinamo. Kisu cha jikoni kinataka nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Panga linataka zaidi, karibu 25 hadi 30, kwa sababu linagonga na makali membamba mno hupinda. Hakuna haja ya kupima kwa chombo. Kisu chenye ubapa wa sentimita 4, ukiinua mgongo wake sentimita 1 kutoka kwenye jiwe, uko kwenye nyuzi 15. Ukiinua 1 na nusu, umepita 20 kidogo. Chagua mmoja na uushike. Wengi wanaoshindwa kunoa wana nguvu za kutosha, ila mkono wao hubadilisha mwinamo kila unapokwenda na kurudi, makali yakawa ya mviringo. Mwanafunzi na apake wino wa kalamu nene kwenye ukingo wa kisu, kisha asugue mara mbili tatu na kutazama. Wino ukitoka juu, mgongoni, amelaza mno. Ukitoka kwenye ncha ya makali peke yake, ameinua mno. Ukitoka wote sawasawa, aendelee hivyo hivyo. Sijaona njia nyepesi kuliko hii ya kufundisha.

Sukuma kisu kutoka kwenye shina hadi nchani, kana kwamba unataka kukata utando mwembamba juu ya jiwe. Shinikizo liwe la vidole viwili tu. Maji yatageuka kuwa tope la kijivu. Usilioshe, maana tope hilo nalo linanoa. Baada ya muda utapata kitu ambacho wanaonoa kwa haraka hawakijui: uzi mwembamba wa chuma uliojikunja upande wa pili wa makali. Macho hayauoni vizuri. Utauhisi ukipitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kwa kukata njia, kamwe si kwa kufuata urefu wake. Uzi huo ndio ushahidi kwamba jiwe limefika mwisho wa chuma. Usipoupata, hata ukisugua hadi magharibi, kisu hakijanolewa. Ukiupata kuanzia shina hadi ncha, geuza upande.

Halafu unahamia upande laini wa jiwe, unapunguza nguvu, na mwisho unauondoa uzi wenyewe. Mshipi wa ngozi uliochakaa, upande wa ndani, unafaa kuliko chochote. Burura kisu nyuma, mgongo ukitangulia, mara chache kila upande. Kisha chukua ukurasa wa gazeti, ushike kwa mkono mmoja na uupitishie kisu kutoka juu. Kikiteleza bila kukwama, kazi imekwisha. Kuna furaha ya kweli katika sauti ile ya karatasi inayoachana, na ninaitakia kila nyumba.

Miji ya Pwani ina wanoaji wake wa mtaani wanaozungusha gurudumu kwa pedeli za baiskeli, na ninawaheshimu kwa kuishi kwa jasho lao. Shoka lililovunjika meno wapelekee wao. Kisu cha jikoni, la. Mhunzi akishakifua kisu hukipasha moto mpaka kiwe chekundu, hukizamisha kipate ugumu, kisha hukipasha tena kwa joto la karibu nyuzi 200 ili kisivunjike. Gurudumu kavu linalorusha cheche linaweza kupeleka ncha ya makali juu ya nyuzi 300 kwa sekunde chache. Utaiona rangi ya buluu ikitambaa ukingoni, na hapo ugumu umeondoka. Kisu kitakata vizuri siku ile na kulala kesho yake. Mwenyewe atakirudisha kinolewe tena, na chuma kitaliwa tena. Kisu kilichokuwa kipana kama vidole vitatu hugeuka mwiko mwembamba kabla mtoto wa nyumba hiyo hajamaliza shule ya msingi. Kwa jiwe la maji, kisu hicho hicho kingerithiwa.

Swali la chuma lina uzito wa pekee kwa watu wa Ozi. Maji yanayofika kwao hupitia Belezoni, mfereji uliochimbwa karne ya 19 kuunganisha Tana na mkondo wa Ozi. Mto ukiwa na nguvu, husukuma bahari nje. Mto ukidhoofika, iwe kwa ukame au kwa maji kuzuiliwa juu kwenye mabwawa kama Masinga la mwaka 1981 na Kiambere la mwaka 1988, maji ya chumvi hupanda na kuingia mashambani. Wakulima wa huko wamelia kwa miaka mingi kwamba chumvi imeua mpunga, migomba na miembe yao, na hicho ndicho kilio kikubwa. Kutu ya kisu ni jambo dogo mbele yake. Lakini chumvi ni ile ile. Kisu cha chuma cha kawaida kikiachwa usiku mmoja na maji ya chumvi au utomvu wa embe huamka na madoa, na kutu huanza kula pale pembamba kabisa, yaani kwenye makali.

Vipo visu visivyoshika kutu kwa urahisi. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alichanganya chuma na kromiamu mwaka 1913, na vyombo vya mezani vya dunia vikabadilika. Hata hivyo, kile cha bei ya chini kinachouzwa sokoni ni laini. Unakinoa leo, kinalegea kesho kutwa. Mimi ningechagua kisu cha mhunzi kilichofuliwa kutoka kwenye springi ya gari. Kinashika makali, kinanoleka upesi, na kutu yake inazuilika kwa kuosha, kukausha na kupaka tone la mafuta ya nazi. Kazi ya nusu dakika.

Ukitaka kuona watu wanaojua makali ni nini, watazame wagema wa Pwani. Kotama ya mgema hunolewa kila anapopanda mnazi, kwa sababu anakata kipande chembamba mno cha karara. Akikipondaponda, tembo halitoki vizuri. Mwingine ni mchinjaji. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume aliagiza kwamba mwenye kuchinja anoe kisu chake na ampunguzie mnyama mateso. Kwa mtu anayesoma hivyo, kunoa kabla ya Idi ni ibada kamili, na kisu butu ni dhuluma kwa kiumbe.

Kisu cha kukunja nacho kina historia yake barani kwetu. Okapi, kile chenye mpini wa mbao na pete ya kufungulia, kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani Afrika; siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini. Hunolewa kama kisu cha jikoni, ila ufupi wake hufanya mkono uyumbe, kwa hiyo ni bora ujifunze kwanza kwenye kisu kirefu. Baada ya kunoa, safisha tope pale kinapokunjika na utie mafuta, la sivyo chembe za jiwe zitakula kiungo.

Sitaandika juu ya makali katika Delta ya Tana nikanyamaza juu ya jambo moja. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya jamii za Wapokomo na Waorma, na panga lilikuwa miongoni mwa silaha zilizotumika. Waliowazika jamaa zao wana haki ya kushtuka wanaposikia chuma kikisuguliwa gizani. Kwa hiyo kunoa kufanyike mchana, uani, mbele ya wazee na watoto, na kisu kirudi jikoni. Kijana asitembee na kisu cha kukunja mfukoni kwenda sokoni au kwenye mkutano. Akitoe kwa kazi na akirudishe kwa kazi. Mtoto anayefundishwa kunoa huku akiambiwa kisu hiki ni cha embe, hiki ni cha samaki, hujifunza pia mipaka yake.

Afundishwe msichana na mvulana pia. Nyumba nyingi humngoja baba arudi ndipo kisu kinolewe, ilhali anayekitumia kutwa ni mama. Huu si utaratibu wenye akili. Mwenye kutumia kisu ndiye anayejua kimelegea wapi, na jiwe halihitaji misuli.

Basi wewe uliyeko Malindi, Mombasa au Nairobi na una jamaa Ozi, safari ijayo tia kwenye mkoba jiwe moja la pande mbili, lile la dukani, na mshipi wa ngozi usiouvaa tena. Ukifika, usiwaachie tu mlangoni. Keti nao, loweka jiwe, mwache mwenye kisu ashike mwenyewe, na usiondoke kabla hajaupata ule uzi wa chuma kwa kidole chake.