Lenzi Moja, Vihisi Vitatu: Kwa Nini Kilele cha Lupanga Hukatika

Sehemu ya Pili

Wapiga picha wachanga wa Morogoro hawachoki kuuliza swali hili: mwenzangu ana lenzi ya milimita 50, nami ninayo ya milimita 50, tumesimama pamoja mjini, tumelenga mlima uleule, mbona yeye kapata mlima mzima pamoja na mitaa iliyo chini yake, mimi nimeambulia kipande? Wengi huishia kuilaumu lenzi, nayo haina kosa lolote.

Wiki iliyopita tuliona kwamba lenzi hukusanya mwanga na kuutupa nyuma yake kama taswira ya duara, iliyopinduka juu chini. Ukubwa wa kitu ndani ya duara hilo hutegemea lenzi na umbali, wala hauna habari na kamera iliyofungwa nyuma. Katikati ya duara ndipo kinapokaa kihisi, kile kibamba cha mstatili kinachopokea mwanga na kuufanya picha. Kihisi kikubwa hupokea sehemu kubwa ya duara, na kidogo hupokea sehemu ya katikati tu. Mwanga unaobaki huangukia kuta nyeusi za ndani ya kamera na kupotea.

Hapa hesabu ni nyepesi kuliko maneno. Chukua umbali ulipo mlima, zidisha kwa upana wa kihisi, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi, yaani zile milimita zake 50. Utapata upana wa eneo litakaloingia pichani. Ni pembetatu zinazofanana, zilezile za shuleni. Tuseme mteremko unaoulenga uko kilomita 6. Kamera ya fulifremu ina kihisi cha milimita 36 kwa 24, hivyo lenzi ya 50 itakupa upana wa kilomita 4.3. Kamera za APS-C, ambazo wengi huanza nazo kwa sababu ya bei, zina kihisi cha takribani milimita 23.5 kwa 15.6 (kihisi cha Canon ni kidogo zaidi kiasi), na lenzi hiyohiyo itatoa kilomita 2.8. Za Micro Four Thirds, zenye kihisi cha 17.3 kwa 13, zitatoa kilomita 2.1 tu.

Tazama sasa kimo, maana ndiko mzozo ulikoanzia. Morogoro, mji kasoro bahari, uko kiasi cha mita 500 juu ya bahari hiyo uliyoikosa, na Lupanga, kilele cha milima ya Uluguru, inapita mita 2,100. Kutoka mitaani hadi kileleni ni kama mita 1,600 za kwenda juu. Kwa umbali wetu wa kilomita 6, kamera ikiwa imelala, fulifremu inachukua kimo cha mita 2,880 na mbingu inabaki ya kutosha. APS-C inachukua mita 1,870. Mlima unaingia kwa kubanana. Micro Four Thirds inachukua mita 1,560, kwa hiyo chagua mwenyewe ukate kilele au ukate nyumba. Au usimamishe kamera wima, jambo ambalo watu husahau kwa namna ya ajabu.

Kipimo cha 36 kwa 24 hakikushuka kutoka mbinguni. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz huko Wetzlar, Ujerumani, alitumia filamu ya sinema ya milimita 35 na kuunganisha fremu mbili za sinema kuwa moja. Kamera yake, Leica, iliingia sokoni mwaka 1925, na hadi leo vihisi vingine vyote hulinganishwa na kipimo hicho. Lakini wazee wa studio waliotumia Yashica zile zenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine, walikuwa na lenzi ya milimita 80 na hawakuiona kuwa ya kuvuta mbali. Picha kwenye filamu yao ilikuwa na upana wa milimita 56. Gawanya 56 kwa 80, kisha 36 kwa 50: majibu yanakaribiana sana. Simu yako nayo imeandikwa milimita 26, wakati unene wake wote haufiki sentimita moja na nusu. Lenzi yake halisi ni ya milimita chache tu. Hiyo 26 ni ya kulinganisha na fulifremu.

Kuna dai moja la wauzaji ambalo mimi silikubali: kwamba lenzi ya 300 ikifungwa kwenye APS-C “inakuwa” 450. Haiwi. Ukipanda msituni kumtafuta chozi wa Loveridge, ndege anayepatikana Uluguru pekee duniani, ukubwa wa taswira yake juu ya kihisi utakuwa uleule kwa kamera zote mbili. Tofauti ni ukingo uliokatwa. Hata hivyo kuna faida ya kweli ndani ya dai hilo. Picha ya fulifremu yenye megapikseli 24, ikikatwa ilingane na ya APS-C, hubakiwa na kama 10.7. APS-C ya megapikseli 24 inazo zote 24 juu ya eneo hilohilo. Kwa ndege mdogo, hiyo si haba.

Na ukipiga picha za harusi, kihisi hakiusogezi mlima ulio nyuma ya bibi harusi. Ukubwa wa mlima ukilinganishwa na bibi harusi huamuliwa na mahali uliposimama. Ukitaka Uluguru iwe kubwa nyuma yake, rudi nyuma hatua nyingi, kisha tumia lenzi ndefu.

Kwa hiyo, unapokwenda kununua lenzi, hasa ya mtumba, taja kwanza kihisi cha kamera yako ndipo uulize milimita. Mwenye APS-C anayetaka upana wa 50 anunue ya 35, ambayo kwa umbali wetu itampa kilomita 4, na asiuze kamera yake kwa sababu ya Lupanga.

Wiki ijayo: kihisi kidogo na picha za ukumbini usiku.