Sailensa mpya ya pikipiki: bei iko kwenye muhuri

Wenye pikipiki kubwa za safari ndefu barani Ulaya wanaendelea kutoa fedha nyingi kung'oa sailensa iliyotoka kiwandani na kufunga ya kampuni nyingine. Wengi husema wanatafuta nguvu. Hesabu haiwaungi mkono.

Mfano ni BMW R 1250 GS, iliyotangazwa mwaka 2018. Injini yake ni cc 1,254, nguvu za farasi 136, uzito kilo 249 ikiwa tayari kwa safari. Sailensa ya titani hupunguza kilo chache tu, na mwenye pikipiki akishafunga masanduku ya mizigo, nafuu hiyo imekwisha kabla hajatoka uani. Nguvu nayo huongezeka kidogo mno, kwa kuwa mabomba yatokayo kwenye silinda hayakuguswa. Mteja ananunua mlio, sura na jina. Jina lina soko lake: Akrapovič ya Slovenia, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Igor Akrapovič, aliyekuwa mwendeshaji wa mashindano, imefika mahali bidhaa zake zinauzwa na mawakala wa BMW kama nyongeza rasmi.

Kazi yenyewe haimshindi mtu mwenye spana. Injini ipoe kwanza. Kibano kinalegezwa, bolti ya kuning'inizia inatolewa, sailensa ya zamani inavutwa polepole. Gasketi iwe mpya. Sailensa mpya inashikizwa bila kukazwa, inalinganishwa na sanduku la pembeni lisije likaungua, ndipo bolti zinakazwa kwa kipimo. Kabla ya kuwasha, alama za vidole zifutwe kwa spiriti, maana moto huzichoma zikabaki kwenye chuma. Asiyefuta atajuta siku ya kuuza.

Suala kubwa ni idhini. Sailensa halali kwa barabara za Ulaya hugongwa muhuri wa herufi E na namba, kuonyesha kuwa ilipimwa kwa pikipiki ya aina hiyo. Nchini Ujerumani, kufunga isiyo na idhini kunaweza kuifutia pikipiki ruhusa ya kutumika barabarani. Kung'oa kizibo cha ndani cha kupunguza kelele kunaiharibia idhini hata sailensa iliyo halali. Japani nako wauzaji hutegemea alama ya JMCA.

Kelele zimeanza kugusa mifuko. Katika wilaya ya Reutte, jimbo la Tirol nchini Austria, kuanzia Juni 10, 2020, pikipiki zenye zaidi ya desibeli 95 zikiwa zimesimama zilizuiwa kwenye barabara kadhaa za milimani hadi mwisho wa Oktoba, na faini ilikuwa euro 220. Kilichoangaliwa ni namba iliyoandikwa kwenye kadi ya usajili, kwa hiyo baadhi ya pikipiki ambazo hazijabadilishwa kitu zilinaswa pia.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kubadili mfumo mzima kuanzia kwenye silinda. Hapo mara nyingi kichujio cha moshi hutoka, kompyuta ya injini inahitaji kupangwa upya, na masharti ya Euro 5, yaliyoanza kwa modeli mpya mwaka 2020, yanavunjwa. Kichujio hicho kina platini, paladi na rodi. Wakia moja ya rodi ilipita dola 20,000 mwaka 2021, kisha ikaporomoka hadi chini ya dola 5,000 mwishoni mwa 2023. Aliyetupa bomba lake kwenye vyuma chakavu mwaka ule wa 2021 bila kuuliza bei alimpa mnunuzi faida ya bure.

Ndiyo maana wanunuzi wa pikipiki zilizotumika huuliza mapema: sailensa ya kiwandani ipo? Muuzaji anayeitoa stoo ikiwa nzima, pamoja na cheti cha ile mpya, ana nafasi ya kushikilia bei. Asiye na vyote viwili hulazimika kupunguza, tena kwa kiasi kinachoweza kuzidi alicholipia mlio.